ROKETI YA NGOMENI NA SISI WA RUSIMBI
Hotuba kwa wananchi wa Rusimbi, Ujiji



Wengine mmetoka ziwani alfajiri na usingizi ungali machoni. Wengine mmeacha dagaa wameanikwa na jicho moja mmelibakiza huko. Kwa hiyo hatutapoteza wakati wenu kwa salamu ndefu.

Tulipotangaza kwamba mazungumzo ya leo yatahusu roketi, baadhi ya wenzetu walicheka, na wengine wakauliza waziwazi: roketi inatuhusu nini sisi? Nyavu zina bei, mafuta ya injini yana bei, daftari la mtoto lina bei, nanyi mnatuita tutazame juu! Swali hilo ni la haki, wala hatutalikwepa. Mtu anayeuliza faida ya jambo kabla ya kulishangilia ana akili kuliko yule anayeshangilia kwanza akauliza baadaye. Basi tutaeleza jambo lenyewe lilivyokuwa, kisha lilivyofanya kazi, kisha kilichopatikana. Mwisho tuulizane sote: nani alipata nini, na sisi yatupasa tufanye nini.

SIKU YENYEWE

Tarehe 12 Desemba 1970 ndugu zetu wa Kenya walikuwa katika sikukuu. Ilikuwa imetimia miaka saba tangu wapate uhuru wao, tarehe 12 Desemba 1963. Mchana wa siku hiyo, katika ghuba ya Ungwana, mbele ya kijiji cha Ngomeni kaskazini ya Malindi, roketi iliruka kutoka juu ya jukwaa la chuma lililosimamishwa baharini. Kichwani ilibeba chombo cha kilo 140 hivi, uzito usiofika magunia mawili ya mahindi. Chombo hicho kilikuwa setilaiti ya kisayansi ya shirika la anga la Marekani, NASA. Katika makaratasi yao waliiandika kwa herufi tu, SAS, na namba yake. Lakini ilipokwisha kufika juu salama ikapewa jina ambalo kila mmoja wetu hapa analijua tangu utotoni. Ikaitwa Uhuru.

Aliyeichagulia jina hilo alikuwa Bibi Marjorie Townsend, mhandisi wa NASA, ambaye ndiye aliyeusimamia mradi wote. Alilichagua kwa heshima ya sikukuu ya Kenya na ya watu wa nchi iliyowapokea. Akina mama na mabinti, hapo tunaomba msikilize vizuri. Bibi huyo mwaka 1951 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uhandisi katika Chuo Kikuu cha George Washington, na miaka 19 baadaye akasimama Ngomeni akiwa mkuu wa kazi, mafundi wanaume wakingojea neno lake. Mzazi anayesema hesabu si kazi ya msichana, na apewe habari hiyo.

Jukwaa lenyewe lilikuwa la Waitaliano. Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma ndiye aliyebuni mpango huo katika miaka ya mwanzo ya 1960, kwa mapatano na Wamarekani. Yalikuwa majukwaa mawili makubwa yaliyoletwa baharini kutoka mbali na kusimamishwa kwa miguu ya chuma: moja liliitwa San Marco, la kurushia roketi, la pili Santa Rita, walipokaa wataalamu wa kuongoza kazi, mbali na moto. Setilaiti ya kwanza kurushwa hapo ilikuwa ya Waitaliano wenyewe, San Marco 2, tarehe 26 Aprili 1967. Uhuru ilikuja ya pili.

Roketi iliitwa Scout, nayo ilitengenezwa Marekani. Ilivuka bahari ikiwa vipande, ikaunganishwa ikiwa imelala, kisha ikasimamishwa. Jambo hilo lisiwe geni kwa mtu wa Kigoma. Meli yetu Liemba nayo ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika maelfu ya masanduku, ikaletwa kutoka Dar es Salaam mpaka hapa, ikaunganishwa na kushushwa majini mwaka 1915. Tushike mfano huo, maana tutaurudia.

KWA NINI HAIANGUKI

Wapo wanaosema setilaiti imetundikwa juu kama taa ya dari. Sivyo. Setilaiti inaanguka wakati wote. Chukueni jiwe mlitupe kuelekea ziwani. Litakwenda mbele kidogo, litapinda, litatumbukia. Litupeni kwa nguvu zaidi, litatumbukia mbali zaidi. Sasa fikirini mtu mwenye mkono wa ajabu, alitupe jiwe hilo kwa kasi kubwa mno, hata kila linapopinda kuanguka, dunia nayo, kwa kuwa ni mviringo, imepinda chini yake kwa kiasi kile kile. Jiwe hilo litaanguka siku zote wala halitafika chini. Litaizunguka dunia. Hiyo ndiyo setilaiti, na roketi ndiyo mkono wa ajabu.

Kasi inayotakiwa ni kama kilomita saba na nusu kwa kila sekunde moja. Reli yetu ya Kigoma hadi Dar es Salaam ina kilomita 1,250 hivi, na mtu aliyeisafiri anajua amekaa garini zaidi ya mchana mmoja na usiku mmoja. Kwa kasi ya setilaiti safari hiyo ingekwisha kabla ya dakika tatu.

Ili kufikia kasi hiyo, Scout iligawanywa sehemu nne, moja juu ya nyingine, kila moja imejazwa mafuta makavu yanayowaka kwa nguvu. Sehemu ya kwanza ikiwaka ikaisha, inaachwa ianguke baharini, ya pili inashika kazi, kisha ya tatu, kisha ya nne. Wazee wetu waliosimuliwa misafara ya zamani ya Ujiji hadi Bagamoyo wanaelewa hekima hiyo: chakula kikiisha, gunia tupu halibebwi. Anayebeba gunia tupu anachoka bure.

KWA NINI NGOMENI

Kwa nini watu wa Roma na Washington waje mpaka Ngomeni? Hawakuja kwa ajili ya samaki wa pwani. Walikuja kwa sababu ya mahali petu duniani.

Sababu ya kwanza ni mzunguko wa dunia. Dunia inajizungusha kuelekea mashariki, na mahali inapokwenda kasi zaidi ni kwenye mstari wa Ikweta: kilomita 1,670 hivi kwa kila saa. Ngomeni iko karibu na mstari huo, kusini yake kwa nyuzi tatu tu. Roketi ikirushwa hapo kuelekea mashariki, tayari imesukumwa na dunia yenyewe kabla haijawasha moto. Ni kama mtumbwi unaofuata upepo. Aidha mashariki ya Ngomeni ni Bahari ya Hindi tupu, na vipande vinavyoachwa huko havimwangukii mtu.

Sababu ya pili mvuvi wa dagaa ataielewa upesi kuliko profesa. Ninyi mnavua kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kamili, taa haifui dafu, samaki wametawanyika, mnakaa pwani mkishona nyavu. Sasa setilaiti ya Uhuru ilikwenda kutafuta miali hafifu mno kutoka mbali. Na huko juu, juu ya Atlantiki ya kusini na Brazili, kuna eneo ambamo chembechembe za umeme kutoka katika jua na anga zimejikusanya zikashuka chini zaidi. Chombo kikipita humo, vipimo vyake vinafurika, kama taa yenu inavyomezwa na mbalamwezi. Lakini setilaiti inayozunguka sambamba na Ikweta inalikwepa eneo hilo kwa sehemu kubwa. Kwa kuirusha Ngomeni waliipatia Uhuru usiku wa giza.

Uhuru ilizunguka dunia kila dakika 96, kwa urefu wa kilomita 520 hadi 560 hivi juu yetu, karibu mara kumi na tano kwa siku. Iliondoka Ngomeni ikaelekea mashariki, ikavuka Bahari ya Hindi, visiwa vya Indonesia, Pasifiki, misitu ya Amazoni, Atlantiki, ikaingia tena Afrika upande wa magharibi. Ikavuka Kongo, ikapita kaskazini kidogo ya sisi hapa, juu ya anga ya Burundi na Rwanda na Ziwa Viktoria, ikarudi pwani. Basi wazee waliokuwa wakivua hapa usiku wa mwaka 1971, kazi ile ilikuwa ikipita karibu na vichwa vyao, wala hakuna aliyewaambia.

ILIONA NINI

Sote tunajua eksirei ya hospitali. Mtu akivunjika mkono, hupigwa picha na mfupa unaonekana ndani ya nyama. Miali ile ile hutoka pia katika baadhi ya nyota, tena kwa nguvu nyingi. Lakini haifiki chini, kwa maana hewa inaizuia, na ni rehema kwetu kwamba inaizuia. Sisi tumekaa chini ya hewa kama dagaa walivyo chini ya maji: kuna mambo ya juu ambayo mkaa chini hayaoni. Anayetaka kuyaona hana budi kutoka nje ya maji.

Mwaka 1962 mtaalamu mzaliwa wa Italia aliyefanya kazi Marekani, Riccardo Giacconi, pamoja na wenzake, walirusha roketi ndogo iliyopanda na kushuka. Katika dakika chache ilizokaa juu, waligundua nyota ya kwanza ya eksirei nje ya jua letu. Baada ya hapo wengine wakarusha roketi za namna hiyo, wakapata nyota chache chache. Ilikuwa kama kulijua ziwa zima kwa kuchungulia mara moja na kufumba macho. Giacconi akataka chombo kitakachokaa juu miezi na miaka. Chombo hicho ndicho Uhuru, setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi hiyo peke yake.

Ilifanya kazi kwa subira. Ilijizungusha taratibu, mara moja kwa dakika 12 hivi, ikitazama ukanda mmoja wa mbingu baada ya mwingine, ikihesabu kila mwali ulioingia katika visanduku vyake. Ilifanya hivyo mpaka Machi 1973. Hesabu ilipokamilika na kuchapishwa mwaka 1978, orodha ilikuwa na vyanzo vya eksirei 339.

Tutaje vitatu tu. Kimoja ni Centaurus X-3. Kilionekana kikipwita kama moyo, kila baada ya sekunde 4.8, bila kukosea. Kisha kila baada ya siku mbili na kidogo kilitoweka, kikarudi. Wataalamu wakaelewa: hapo pana nyota mbili zinazozungukana, na ile inayopwita hujificha nyuma ya mwenzake, kama taa ya mtumbwi unaozunguka kisiwa. Ile ndogo ni nyota iliyokufa ikajikaza mpaka uzito ulioshinda wa jua letu ukaingia mahali pasipozidi ukubwa wa mji. Inamnyonya mwenzake, na kile inachonyonya, kikianguka kwake, kinapata moto mkali hata kutoa eksirei.

Cha pili ni Cygnus X-1. Hicho hakikupwita kwa mpango. Kilimetameta ovyo ovyo, upesi mno. Habari hiyo iliwafanya wataalamu wa nchi nyingine waitafute nyota yake kwa darubini, na kufikia mwaka 1972 walikuwa wamekwisha ona kwamba nyota kubwa inazungukana, kwa siku tano na nusu hivi, na kitu kisichoonekana. Uzito wa kitu hicho ni mkubwa kuliko nyota yoyote iliyokufa iwezavyo kuhimili. Ndicho kikawa shimo jeusi la kwanza kukubaliwa na wataalamu, mahali ambapo mwanga wenyewe ukiingia hautoki.

Cha tatu ni makundi ya mamilioni ya mamilioni ya nyota yaliyo mbali mno. Ilidhaniwa kwamba kati yao ni utupu. Uhuru ilionyesha kwamba humo mna hewa nyembamba yenye joto la mamilioni ya digrii. Mizigo iliyodhaniwa haipo ilikuwapo. Aliyekosekana ni mtu wa kuipima.

Mwaka 2002 Giacconi alipewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia. Na mpaka leo wataalamu wa mataifa yote wakiandika majina ya nyota nyingi za namna hiyo, huanza kwa alama 4U. Nne ni chapa ya nne ya orodha. Herufi U ni Uhuru. Neno letu limeandikwa mbinguni, na Mjapani na Mrusi hulitaja kila siku.

NANI ALIPATA NINI

Sasa, ndugu wananchi, tusimame hapo. Ni rahisi mtu akisikia habari hiyo atoe kifua na kusema, jina letu limepaa! Tunasema hapana. Jina peke yake si mali. Mtu akimwita mtoto wake kwa jina lako, anakuheshimu, lakini hakugawii shamba. Tuulize mezani: nani alipata nini?

Marekani ilipata elimu na heshima. Kampuni iliyotengeneza vyombo vya Uhuru, American Science and Engineering, ilitumia ujuzi wa namna hiyo hiyo kutengeneza mitambo ya kukagulia mizigo kwa eksirei. Hilo liwajibu wanaodhani elimu ya nyota haiingii sokoni. Italia ilipata wataalamu wake na kituo. Wakenya walipata kazi za mikono na za ulinzi, walipata jina, na kwa miaka mingi waliendelea kuuliza kama mapatano yale yaliwapa haki yao. Setilaiti tisa zilirushwa kutoka majukwaa yale, ya mwisho tarehe 25 Machi 1988. Tangu hapo hakuna iliyoruka tena. Kituo kikabaki na kazi ya kupokea habari za setilaiti zinazopita. Mwaka 2016 Kenya na Italia zilitia saini mkataba mpya, unaotaja mafunzo kwa Wakenya, habari za setilaiti kwa matumizi yao, na msaada kwa shirika lao la anga. Hayo yaliandikwa miaka 49 baada ya setilaiti ya kwanza. Wahenga walikwisha sema: mali bila daftari huisha bila habari.

Tena tusiangalie pwani tu. Ng'ambo ya ziwa letu, katika jimbo lililoitwa Shaba wakati ule, nchi yenyewe ikiitwa Zaire, kampuni moja ya Ujerumani ya Magharibi, OTRAG, ilipewa na Rais Mobutu eneo la kilomita za mraba 100,000 ili irushe roketi zake. Eneo hilo ni zaidi ya mara mbili ya Mkoa wa Kigoma wote, nchi kavu na maji. Lilikodishwa mpaka mwaka 2000. Roketi ya kwanza ya majaribio ilirushwa Mei 1977. Ya tatu, Juni 1978, iliharibika Mobutu mwenyewe akitazama. Nchi jirani na mataifa makubwa walilalamika, wakiogopa silaha, na mwaka 1979 kampuni ikaambiwa isimamishe kazi. Hakuna hata setilaiti moja iliyofikishwa juu kutoka pale.

Pimeni mambo hayo mawili. Ngomeni ilitoa elimu iliyo wazi kwa dunia nzima, ingawa mwenyeji alipata kidogo. Shaba ilitoa ardhi nyingi kwa mkataba ambao wananchi hawakuulizwa, wala haikuvuna elimu. Sisi hatusemi mgeni asije. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hatapona kwa kutazama tu. Atapona ikiwa amesoma karatasi kabla ya kutia dole gumba, na ikiwa ndani ya nyumba yake yumo kijana anayeweza kumwuliza mgeni maswali ya kitaalamu akajibiwa.

Wenzetu wameanza. Mei 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiwa angani kutoka kituo cha kimataifa. Rwanda ilifuata mwaka 2019, Uganda mwaka 2022. Tarehe 15 Aprili 2023 Kenya ikapata Taifa-1, iliyobuniwa na wahandisi Wakenya. Lakini angalieni: Taifa-1 iliruka kutoka California, Marekani. Nchi yenye mlango ulio bora kuliko milango mingi duniani, ilibidi mzigo wake utokee mlango wa jirani wa mbali, kwa sababu ufunguo wa roketi hauko mkononi mwake. Mahali tulipewa na Mungu. Ufundi hatupewi, hujifunzwa.

SISI JE?

Tumerudi kwenye swali lenu: roketi inatuhusu nini?

Kwanza tuseme kweli. Cygnus X-1 haitamshibisha mtoto wa mtu hapa Rusimbi. Anayewaahidi kwamba nyota zitaleta unga, mwogopeni. Lakini njia ile ile iliyopeleka Uhuru juu ndiyo inayopeleka vyombo vinavyotazama chini. Setilaiti zinaona mawingu ya dhoruba kabla hayajafika ziwani. Zinapima joto la maji ya juu. Tangu mwaka 1992 zimekuwa zikipima kwa rada kimo cha maziwa makubwa, na Tanganyika ni mojawapo. Mwaka 2024 maji yalipopanda yakafunika mialo na kuwaondoa watu majumbani, hapa kwetu wako waliosema ni mkono wa mtu. Kumbe hesabu ya kupanda kwake ilikuwa inaandikwa mara kwa mara, na wasomaji wa hesabu hiyo walikuwa mbali kuliko wenye nyumba. Hapo ndipo roketi inapotuhusu. Habari za ziwa letu zinapita juu ya vichwa vyetu, zinasomwa na wengine, na sisi tunazipata kwa tetesi.

Kwa hiyo hatukuwaiteni tujenge roketi Rusimbi. Tumewaita tukubaliane mambo matatu yaliyo katika uwezo wetu.

La kwanza ni kipimo chetu wenyewe. Tuchague mahali pamoja ufukweni, tusimamishe nguzo imara yenye alama za sentimita, na vijana wa shule wakiongozwa na mwalimu wao waandike kimo cha maji kila Jumamosi: tarehe, saa, upepo, mvua. Daftari hilo litunzwe ofisini, kila mtu aruhusiwe kulisoma. Uhuru ilifanya nini zaidi ya hapo? Ilizunguka na kuhesabu, ikazunguka na kuhesabu, bila kuchoka. Baada ya miaka mitano daftari la Rusimbi likiwekwa kando ya hesabu za setilaiti, kijana wetu ataweza kusema: hapa zinapatana, hapa hazipatani, kwa nini? Siku anapouliza hivyo, sayansi imeanza kwetu.

La pili ni hesabu na fizikia. Sisi tuliosomea ualimu tunajua mahali mtoto anapopotelea. Hapotelei darasani tu. Anapotelea siku anapoambiwa somo hilo ni gumu, halina kazi, acha. Anapotelea usiku anapobeba taa kwenda ziwani na asubuhi kulala juu ya dawati. Hatuwalaumu wazazi, njaa tunaijua. Lakini zile siku za mbalamwezi, mitumbwi inapokaa pwani, hizo ni zetu. Vijana watano hapa waliomaliza kidato cha sita na vyuo wamekubali kufundisha hesabu jioni katika siku hizo, bila malipo. Wanachotaka ni chumba, ubao na taa. Taa mnazo ninyi wavuvi. Taa inayomwita dagaa inaweza kumwangazia mtoto kitabu.

La tatu ni mikataba. Akija mtu hapa, wa serikali, wa kampuni au wa chuo, akitaka kuweka mtambo, mnara au kipimo katika ardhi yetu au katika maji yetu, tusikatae kwa woga wala tusikubali kwa furaha. Tumkaribishe kiti, tumwombe karatasi, isomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano, na tuulize maswali matatu: kijana gani wa hapa atajifunza kazi hiyo? Habari zitakazopatikana tutazionaje? Siku mkiondoka mtaacha nini?

Tulisema tutarudi kwenye Liemba. Meli ile ililetwa na mkoloni kwa haja zake mwenyewe, tena haja za vita. Ilizamishwa mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927. Haikuwa yetu siku iliposhushwa majini, ingawa mikono yetu ilibeba. Ilianza kuwa yetu pale mafundi wa Kigoma walipojua kuifungua mashine yake na kuifunga tena. Chombo huwa cha yule anayeweza kukitengeneza. Ndivyo ilivyo kwa meli, ndivyo ilivyo kwa roketi, na kwa uhuru wenyewe pia.

Setilaiti ile ilinyamaza mwaka 1973, na mwaka 1979 ikashuka ikaungua angani. Iliyobaki ni hesabu yake, na hesabu ile haijaungua. Basi tusigombanie jina. Tushike kalamu.

Sasa tunaomba tupige kura ya mahali pa kusimamisha nguzo. Wavuvi waseme kwanza, maana wao ndio wanaojua maji yanapofika.